Mwalimu Aliyesubiri Swali Mlangoni

Mtu huyu nimekaa naye rohoni miaka mingi, nusu kwa mapenzi na nusu kwa kinyongo, na hata leo sijui nianze na nusu ipi. Nitaanza na mlango.

Kengele ya kipindi ikilia, walimu wengine waliingia darasani, tukasimama, tukaimba salamu yetu ya Kiingereza, tukakaa, tukaanza kunukuu ubaoni. Mwalimu wa Baiolojia hakuingia. Alifika mlangoni, akaegemea fremu, mikono kwenye mifuko ya sweta lake la kijani alilofumiwa na mkewe, akatutazama. Salamu hana, kitabu hana. Alikuwa anasubiri swali. "Mchuuzi haingii nyumba ambayo hakuitwa," alituambia siku ya kwanza, tukiwa kidato cha kwanza na hatujamzoea. "Kama hamna la kuniuliza, nitauza nini humo ndani?" Tukacheka, tukidhani ni utani. Loo! Kipindi kizima alisimama pale pale, ukungu unaingia kupitia mgongoni kwake, sisi sabini na ushee tumemkodolea macho na hakuna aliyethubutu kufungua kinywa. Kengele ilipolia tena akasema, "Haya, kesho," akaenda zake.

Kesho yake aliuliza Mwanaidi. Huyu ndiye niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, binti wa mkulima wa kabichi kule upande wa Vuga, ana sauti nene na haya hajui zinauzwa wapi. "Mwalimu, ng'ombe wetu anakula majani ya kijani, mbona maziwa yake ni meupe?" Mwalimu aliingia kwa hatua ndefu kama aliyeitwa chakula. "Nani kauliza? Simama tukuone! Hilo ni swali la leo na kesho!" Na kweli tulikaa nalo siku mbili, tukapita tumboni mwa ng'ombe, chumba hadi chumba, mpaka tukatokea kwenye kiwele.

Tangu hapo swali lolote lilifungua mlango. Kwa nini ndizi ikiiva inalegea. Kwa nini bibi akikohoa anashika mbavu. Kwa nini mapacha wa jirani hawafanani. Tulikuwa tunateremka nyumbani jioni tukigombana nani atauliza kesho, na mtu akikuibia swali lako mlinuniana wiki nzima. Mimi mwenyewe, nikiri mapema, katika miaka minne niliuliza mara mbili tu. Nilikuwa mtu wa kunyamaza.

Na alijibu kwa Kiswahili. Tukikwama, alijibu kwa Kishambaa. Hapo ndipo ilipo kesi yangu na yeye, kwa hiyo nieleze vizuri. Sekondari kwetu masomo ni kwa Kiingereza, na mtihani wa taifa unaandikwa kwa Kiingereza. Sisi tulitoka shule ya msingi tulikosoma kila kitu kwa Kiswahili, na majumbani kwa wengi hata hicho Kiswahili kilikuwa cha kuzungumza na wageni. Shuleni amri ilibandikwa ukutani: Kiingereza tu. Anayekosea alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amnase mwenzake amvishe yeye.

Siku moja kibao kilikuwa kwa msichana wa dawati la nyuma, kainamisha kichwa, haulizi wala hajibu. Mwalimu alimwendea taratibu, akamvua, akajivika mwenyewe juu ya sweta. "Leo mkosaji ni mimi. Tuendelee." Akafundisha figo kipindi kizima, kibao kinaning'inia kifuani. Mkuu wa shule akapita dirishani, akasimama. Mwalimu akageuka, akamwamkia kwa Kishambaa, kwa sauti ya sokoni, "Onga makeo, mgosi!" Mkuu alikuwa mtu wa Tanga mjini, hakuitikia.

Mchana wake tulisikia ugomvi ofisini, maana ukuta ulikuwa wa mbao. "Utawaua hawa watoto kwenye mtihani!" mkuu alifoka. Na mwalimu, bila kupandisha sauti: "Kwanza waamke, mzee. Mtihani utawakuta wameamka."

Kuhusu kuamka alikuwa na utaratibu wake. Miezi ya baridi, Juni na Julai, nusu ya darasa ilisinzia. Watu walikuwa wameamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe, wakapanda na kushuka milima miwili, wamefika na miguu mibichi. Walimu wengine walitembeza fimbo. Yeye alimgusa aliyesinzia begani akamuuliza, "Umeamka saa ngapi?" Ukimwambia saa kumi na moja, alikuambia, "Lala dakika kumi," na sisi wengine tukaendelea kwa kunong'ona, darasa zima, hata yeye mwalimu ananong'ona. Dakika kumi zikiisha, jirani yako alikuamsha na ilikuwa kazi yake kukufundisha yaliyokupita, mbele ya wote. Ole wake jirani naye akiwa hakuelewa. Hapo wote wawili mnakuwa wanafunzi wa darasa, na darasa halina huruma.

Msije mkadhani namchora malaika. Alikuwa mkali kwa walimu wenzake, na chai ya ofisini alikunywa peke yake akisikiliza mpira kwenye redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa bahili wa sifa. Ukijibu vizuri alisema "Ehee," basi, na ukitaka zaidi ya hapo nenda kwa mama yako. Mwandiko wake ulikuwa balaa. Na, mwalimu wa Baiolojia huyu, aliogopa vinyonga! Milima yetu imejaa vinyonga wa kila namna, wenye pembe na wasio na pembe, na kwetu mtu mzima kumkimbia kinyonga si aibu. Lakini yeye alikuwa na shahada. Siku Mwanaidi alipomleta mmoja juu ya kijiti, mwalimu alitoka nje akafundishia dirishani. "Msogeze kwenye mwanga! Sasa tazameni macho, kila moja linakwenda kivyake! Usimlete huku, wewe mtoto! Baki naye huko huko!" Tulicheka mpaka tukalia, na mpaka leo kila kitu kuhusu jicho la kinyonga nakijua.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya moyo. Alikuja na moyo wa ng'ombe kutoka kwa muuza nyama wa Soni, umefungwa kwenye gazeti. Akaufungua juu ya dawati letu, damu ikachafua daftari langu, akamimina maji kwenye mshipa mkubwa. Maji yakaingia, yakagoma kurudi. "Kwa nini?" Mwanaidi akaingiza kidole, akatafuta tafuta ndani, uso umekunjamana, mara akapiga ukelele. "Una mlango! Mwalimu, ni kama mlango wa zizi letu! Ng'ombe akiingia anausukuma, akitaka kurudi unajifunga wenyewe!" Mwalimu hakusema "Ehee." Alitoa chaki mfukoni, akamkabidhi, akaja kukaa mahali pake, hapo ubavuni pangu, magoti yamebanwa na dawati. "Endelea wewe," alimwambia. Na Mwanaidi akatufundisha moyo mpaka kengele, vyumba vinne, milango yote, damu inakoingia na inakotokea. Nilimtazama mwalimu kwa pembeni. Alikuwa anatabasamu kama baba harusini.

Mwanaidi alitaka kuwa nesi, wa wodi ya wazazi. Hilo kila mtu alilijua, hata mbuzi wa kwao, maana aliwahubiria wakati wa kuwachunga.

Sasa nusu ya pili.

Tukiwa kidato cha tatu iligundulika kwamba mwalimu ana binti wa rika letu, na kwamba binti huyo anasoma bweni huko Tanga, shule ya Kiingereza tangu chekechea. Aliyegundua ni kijana mmoja aliyekwenda kumsaidia kupakia karoti shambani kwake Magamba, akamkuta msichana yupo likizo, anamsomea mama yake gazeti la Kiingereza kama anakunywa maji. Habari zilishuka mlimani kabla ya karoti. Mkuki kwa nguruwe, tukasema. Kesho yake mwalimu alipoegemea mlango, kijana yule akasimama na swali lake. "Mwalimu, mbona mtoto wako hasomi hapa na sisi?"

Kanuni ilikuwa yake mwenyewe: swali lolote linafungua mlango. Aliingia. Hakututazama. Alichukua chaki, akageukia ubao, akaandika kwa Kiingereza, kwa ule mwandiko wake wa balaa, kutoka juu mpaka chini, akafuta, akaandika tena. Tukanukuu. Hakuna aliyeuliza kitu. Nilisikia vizuri kabisa chaki ikikwaruza, na mtu akikoroma nyuma. Kengele ilipolia alijifuta mikono kwenye sweta akatoka, na keshokutwa yake akarudi mlangoni kama kawaida, akisubiri swali, na sisi kwa sababu tulimpenda tukamuuliza kuhusu uyoga.

Tungemwacha alipokwama pale ubaoni, pengine angeendelea na Kiingereza. Sijui. Nimelifikiria hilo mara nyingi.

Kiingereza mimi nilikuwa nacho. Mama yangu mdogo alikuwa karani mjini Lushoto, na kila likizo alinikalisha kwenye kigoda akanisomesha kwa magazeti ya zamani mpaka nikamchukia. Kwa hiyo siku ya mtihani wa kidato cha nne karatasi ya Baiolojia haikunitisha. Iliuliza juu ya moyo. Iliuliza hasa hasa juu ya vile vilango. Niliandika yote, na kila nilichoandika ni maelezo ya Mwanaidi, nilitafsiri tu. Yeye Mwanaidi, nyuma yangu, alilitambua neno moja, la moyo. Mengine yakampita. Akachora moyo, na mkono wake wa kuchora ulikuwa mzuri, akaeleza kila kitu kwa Kiswahili, ukurasa na nusu, na zizi na ng'ombe wake humo humo. Aliniambia mwenyewe tulipotoka, anacheka, anapangusa wino vidoleni. "Atakayesahihisha si Mtanzania? Atanielewa tu."

Alipata F. Na masomo mengine karibu yote hivyo hivyo, divisheni ziro. Mimi nilipata B.

Wiki ya matokeo mwalimu hakuonekana. Wakubwa zetu walituambia ndivyo alivyo: kila mwaka matokeo yakibandikwa, yeye hupanda shambani kwake, asirudi mpaka karatasi imechanika kwa mvua. Hakuwahi kuyasoma. Nilimchukia kwa hilo. Nilikwenda kidato cha tano, nikaenda chuo, na kokote nilipokuwa nilikuwa na hotuba yangu kichwani, siku nikikutana naye: ulituamsha ili iweje? Ulimpa Mwanaidi chaki, mbona hukumpa Kiingereza alichompa mwanao?

Leo nami ni mwalimu, wa Baiolojia, huku huku milimani. Nafundisha kwa Kiingereza kilichonyooka, nafuata muhtasari, wakaguzi wananisifu. Darasa langu linalala. Nikigeuka ubaoni naona vichwa vimelalia mikono, na walio macho wananukuu hata makosa yangu ya chaki. Mwaka jana niliwauliza kama kuna mwenye swali, na msichana mmoja akanyoosha mkono, nikafurahi jamani, kumbe anaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Niliposikia mwalimu amepigwa na kiharusi, nilinunua sukari na mikate nikapanda Magamba siku ya Jumamosi, na hotuba yangu nikaenda nayo.

Nilimkuta amekaa kibarazani, mkono wa kulia umelala pajani. Sweta lilikuwa jingine.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, karibu mwanangu. Wewe wa mwaka gani?"

Nikamtajia, na dawati: la pili, upande wa dirisha, pamoja na Mwanaidi.

"Aaa, Mwanaidi wa zizi!" Uso ukamchangamka, upande mmoja. Akanitazama vizuri. "Basi wewe ndiye yule mwingine."

Nikasema ndiyo, ndiye mimi yule mwingine. Mkewe akatuletea chai. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akacheka kwa furaha. "Wanauliza?"

"Hawaulizi, mwalimu. Wananukuu."

Alitikisa kichwa, akanywa chai kwa mkono wa kushoto, polepole. Kisha kabla sijaanza hotuba yangu akaniuliza yeye. "Hivi Mwanaidi alipata nini?"

"Kwani mwalimu hukuwahi kuangalia?"

"Sikuwahi kuangalia ya mtu yeyote. Niliogopa."

Ningeweza kumdanganya. Mzee mgonjwa, chai yake nimekunywa, nani angenilaumu? Lakini nilikuwa nimelibeba jambo hili miaka mingi mno. "F, mwalimu. Alijibu kwa Kiswahili."

Aliweka kikombe chini, kikakaa upande, chai ikamwagika, hakuigusa. "Hata lile la vilango?"

"Hata hilo."

"Mimi karatasi niliiona jioni ile ile," alisema. "Nilipoliona hilo swali nilikuja mbio hapa nikamwambia mke wangu, leo Mwanaidi amepata." Mkewe, aliyekuwa anapembua maharage mlangoni, alisema, "Ni kweli, alikuja mbio."

Hotuba yangu yote iliniishia, ikabaki sentensi moja. "Binti yako ulimpeleka Tanga."

"Nilimpeleka." Hakukwepa. "Kwa mwanangu nilikuwa na woga. Kwenu nilikuwa jasiri, kwa sababu hamkuwa wangu. Nilijiambia wapende somo kwanza, Kiingereza nitawaletea baadaye. Nikawa naona mnavyouliza, naona raha, naahirisha." Akavuta pumzi. "Lakini darasa zima lile, hapakuwa na hata mmoja mwenye Kiingereza? Mngesaidiana wenyewe jioni."

Aliuliza tu, kama alivyokuwa akiuliza siku zote, hajui jibu. Nami nikamweleza jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu, wala mume wangu. Kwamba nilikuwapo. Kwamba mwaka ule wa mwisho Mwanaidi aliniomba, tukiwa tunateremka nyumbani: nifundishe Kiingereza, shoga, hata robo saa kila siku, haya ya moyo ninayajua ila sina pa kuyatilia. Sikumkatalia. Nilimwambia kesho. Kesho yake nikamwambia kesho. Aliniomba labda mara nne, kisha akaacha. Yeye ndiye aliyepewa chaki. Yeye ndiye aliyejulikana. Kitu kimoja tu nilimzidi, na sikutaka kukigawa. Nilisema hayo nikitazama chai iliyomwagika, na nikaanza kulia kama mtoto, mtu mzima mimi na mikate yangu mezani.

Mwalimu hakunikaripia wala hakunibembeleza. Aliniacha nilie, kisha akasema, "Ukimwona, mwambie mwalimu wake anamwomba radhi. Hiyo ni yangu mimi."

Nilishuka siku ile ile. Mwanaidi anauza karoti na kabichi Soni, kando ya barabara, na kila nikipita nanunua kwake, tunaulizana watoto, tunacheka. Mtihani hatujawahi kuugusa. Alikuwa anafunga mafungu. "Shoga! Umetoka wapi na macho hayo?"

"Magamba, kwa mwalimu. Anakuomba radhi."

"Mwalimu?" Alicheka ile sauti yake nene. "Radhi ya nini? Huyo mzee amenikosea nini? Mtu aliyenipa chaki!" Akaendelea kufunga karoti, anatikisa kichwa, anacheka peke yake.

"Na mimi, Mwanaidi," nikasema.

Mikono yake ilisimama. Hakujifanya hajui nasema nini, na mimi nilikuwa nimetumaini atajifanya.

"Wewe ndiyo," alisema. "Wewe nilikuomba."

Basi la Mombo lilikuwa limesimama, abiria wanaita madirishani. Akajitwika beseni lake akaenda kuwauzia, nami nikabaki kwenye meza yake nikimsubiri arudi.